Kipindi Kilichorekodiwa Mara Mbili

Ndugu zangu, wanangu, habari za jioni.

Nimeombwa niseme nanyi kuhusu kazi za nyuma ya kamera, na mwenyeji wetu akanipa uhuru wa kuchagua kazi yoyote niipendayo. Nimechagua kipindi cha televisheni cha dakika 25, picha nyeusi na nyeupe, kilichorushwa na BBC jijini London Jumamosi jioni, tarehe 23 Novemba 1963. Hakuna aliyemo humu ndani aliyekiona siku ile. Mimi mwenyewe sikuwa nimezaliwa. Kinaitwa An Unearthly Child, ndicho kipindi cha kwanza kabisa cha Doctor Who, tamthilia ya bunilizi ya kisayansi ambayo mtu akiihesabu tangu siku hiyo, imepita miaka 60 na bado inatengenezwa.

Kuna bunilizi nyingi za kisayansi, na nyingine ni nzuri kuliko hii. Nimekichagua hiki kwa sababu moja ya kifundi: kilirekodiwa mara mbili, na rekodi zote mbili zipo. Ya kwanza iliharibika, ikarudiwa yote, mwanzo hadi mwisho, na wenyewe hawakuificha ile mbovu. BBC iliionyesha hadharani mwaka 1991. Katika kazi yetu mtu haoni kosa na marekebisho yake yakiwa yamekaa pamoja. Kosa hutupwa, na sisi tunaokuja nyuma tunadhani wakubwa wale walizaliwa wakijua.

Hadithi yenyewe ni hivi. Walimu wawili wa sekondari jijini London, Barbara Wright anayefundisha historia na Ian Chesterton anayefundisha sayansi, wana mwanafunzi anaitwa Susan. Binti huyu anajua mambo makubwa yasiyofundishwa popote, halafu hajui pauni moja ina shilingi ngapi. Zama zile jibu lilikuwa 20, na hata huku kwetu aliyeshika shilingi ya Afrika Mashariki alilijua. Walimu wanaingiwa na wasiwasi, wanamfuata hadi anapokaa, namba 76 Totter's Lane. Wanakuta ua wa vyuma chakavu, giza, ukungu, na katikati ya takataka kimesimama kibanda cha polisi, vile vibanda vya buluu ambavyo raia wa London aliweza kupiga simu kuomba msaada. Kibanda kinanguruma taratibu kama kitu hai. Anatokea mzee mkali, ndiye Doctor mwenyewe. Walimu wanasikia sauti ya Susan ndani, wanajitosa kuingia, na ndani mna chumba kikubwa, cheupe, kinachong'aa, kikubwa mara nyingi kuliko kibanda chenyewe. Ni chombo cha kusafiria kwenye wakati na anga. Mzee hawaruhusu kutoka. Anawasha mitambo, anaondoka nao.

Basi. Watu wanne, darasa moja, ua mmoja wa skrepa, chumba kimoja cheupe. Bajeti ya kipindi ilikuwa kama pauni 2,300.

Aliyeanzisha jambo hili alikuwa Sydney Newman, Mkanada, mkuu wa idara ya tamthilia pale BBC. Alikuwa na pengo la ratiba Jumamosi jioni: kabla yake kuna michezo, baada yake kuna kipindi cha muziki wa vijana, katikati watazamaji wanaondoka. Alitaka kitu cha kuwakalisha baba, watoto na bibi pamoja. Kazi akampa Verity Lambert, mwanamke wa miaka 27, ambaye hakuwahi kuwa mtayarishaji mahali popote. Mwongozaji akawa Waris Hussein, mzaliwa wa Lucknow, India, miaka 24. Naomba mjiweke kwenye jengo la BBC la mwaka 1963, wanaume wa makamo, suti na viko. Anaingia binti, na nyuma yake kijana wa Kihindi, wanasema: sisi ndio tunaoendesha kipindi hiki. Waris Hussein ameeleza mara nyingi namna walivyotazamwa. Sina haja ya kuwapambia; dada zangu mliomo humu mnayajua macho hayo.

Studio waliyopewa ilikuwa Lime Grove, Studio D, mtaa wa Shepherd's Bush. Lilikuwa jengo la kale la kutengenezea filamu ambalo BBC ililinunua mwaka 1949. Dogo, kuukuu, joto kali taa zikiwaka. Kamera za zama zile zilikuwa na uzito wa kusukumwa na watu, si za kubeba begani. Ndani ya chumba hicho kimoja wakapanga darasa, ua wa skrepa na chombo cha kusafiria kwenye wakati, kila kimoja kwenye kona yake, na kamera zikihama kutoka kona hadi kona huku kipindi kikiendelea.

Hapo ndipo kijana wa leo anaweza asinielewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Leo mnarekodi vipande. Kipande kikiharibika mnarudia, jioni mnakaa kwenye kompyuta mnachagua. Wao walirekodi karibu kama mchezo wa jukwaani. Video ya zama zile ilikuwa kwenye tepu ya upana wa inchi mbili, na kuihariri maana yake ni kuikata kwa mkono na kuiunganisha. Tepu ilikuwa ghali, na ikikatwa haikuwa rahisi kutumika tena, hivyo wakubwa waliruhusu mikato michache mno. Mnafanya mazoezi siku kadhaa kwenye ukumbi wa kawaida, mnaingia studio asubuhi, usiku mnarekodi kwa mfululizo. Mwigizaji akiteleza ulimi, anajiokoa mwenyewe na mchezo unasonga. Kamera ikigonga seti, imegonga.

Tarehe 27 Septemba 1963 walirekodi mara ya kwanza. Darasani mambo yalikwenda. Tatizo likaja ndani ya chombo, na tatizo lilikuwa milango.

Nawaambia milango, na fundi yeyote wa seti humu ndani ameshaanza kucheka moyoni. Ile milango mikubwa ya chombo, inayotakiwa kujifungua na kujifunga yenyewe kama mitambo ya ulimwengu mwingine, nyuma yake walikuwa wamesimama watu wanaisukuma kwa mikono. Mzee anasema maneno mazito ya kutisha, nyuma yake mlango unagoma kufunga. Unafunga, unafunguka. Unabamiza. Unaachia ufa, unaona kabisa kwamba nyuma kuna mbao na mtu. Waliirudia sehemu ile usiku huohuo, na bado kipindi kizima kikabaki na harufu ya kitu kisichoiva.

Mimi mlango umewahi kuniumbua. Nilipokuwa kijana, kwenye mchezo mmoja wa redio, mume alikuwa anatoka nyumbani kwa hasira, na tulihitaji mlango wa kubamizwa. Tulitumia kabati la studio. Lilitoa sauti ya kabati. Niliposema turudie, nitafute mlango wa kweli, mwongozaji akaniambia, "Bi mdogo, wasikilizaji hawatajua." Ukarushwa hivyohivyo. Siku ya pili nikiwa kituo cha basi nikasikia kina mama wawili wanaujadili mchezo, mmoja akamuuliza mwenzake: yule bwana alikasirika akaenda kufunga kabati? Sijasahau, na ni miaka mingi.

Sasa, Sydney Newman alipoiona rekodi ya Septemba hakusema watazamaji hawatajua. Aliwachukua Verity Lambert na Waris Hussein, akawapeleka kula chakula cha Kichina, akawapa orodha ya makosa. Milango na kamera vilikuwemo, lakini kosa alilolisisitiza zaidi lilikuwa la roho ya hadithi: mzee anachukiza mno, na binti ni wa ajabu mno. Kwa haki ningewafukuza kazi wote wawili, akawaambia kwa maana hiyo, lakini rudieni.

Rudieni! Kipindi kizima, studio nyingine ya siku nzima, waigizaji, mafundi, fedha. Kwa watu wawili ambao nusu ya jengo lilikuwa linangoja waanguke. Wanangu, mimi nimefanya kazi hii maisha yangu yote, na nawaambia kwamba neno hilo nimelisikia mara chache kutoka kwa mwenye fedha. Na wanaonyimwa zaidi ni wale wanaolihitaji zaidi: wageni, wadogo, wanawake. Mwenye jina kubwa akikosea, tunasema alikuwa anajaribu kitu kipya. Mgeni akikosea, tunasema tulijua.

Walirudia tarehe 18 Oktoba. Nitawapa mabadiliko machache, mengine mtayaona wenyewe.

Mzee aliigizwa na William Hartnell, mtu wa miaka 55, ambaye Waingereza walimzoea kama sajini wa jeshi na katili wa filamu. Septemba amevaa suti na tai ya kawaida, na ni mkali mkavu, hana upenyo. Oktoba amevaa mavazi ya kizamani, skafu na kofia ya manyoya, na sura yake imepata utani fulani. Anawazuia walimu vilevile, anawadharau vilevile, lakini sasa kuna wakati anageuka akacheka peke yake, anavutiwa na kitu kidogo kilichotupwa pale uani, unashindwa kujua kama yuko nao au amewasahau. Unamwogopa na unataka kumfuata. Maneno mengi hayakubadilika. Kilichobadilika ni kwamba Septemba tulimwona adui, Oktoba tukamwona mtu.

Na Susan, aliyeigizwa na Carole Ann Ford. Septemba, akibaki peke yake darasani, anadondosha wino kwenye karatasi, anaikunja, kisha anachora juu yake mistari ya ajabu yenye pembe sita. Haieleweki, na ilikusudiwa isieleweke. Oktoba anapewa kitabu cha historia ya Mapinduzi ya Ufaransa, anakifungua, anasoma kidogo, anashtuka na kusema kwamba hapa si sahihi. Mnaona uzuri wake? Binti anasahihisha kitabu kwa sababu alikuwepo. Hakuna mashine, hakuna mavazi, hakuna senti iliyotumika zaidi ya kitabu, na nywele zinakusimama. Vilevile Septemba anasema alizaliwa karne ya 49. Oktoba wakaifuta karne, akawa ametoka wakati mwingine, ulimwengu mwingine. Namba ilikuwa inafunga mlango. Walipoifuta ukabaki wazi, na waandishi wamepita humo hadi leo.

Seti ya chombo waliitunza. Aliyeibuni ni Peter Brachacki: kuta zenye mviringo mviringo, na katikati meza ya mitambo yenye pande sita na nguzo ya kioo inayopanda na kushuka. Baada ya rekodi ya kwanza mbunifu akawa Barry Newbery. Na kile kibanda cha polisi, wazo lake linapewa Anthony Coburn, mwandishi wa kipindi, Mwaustralia, ambaye alikiona barabarani akiwa matembezini. Ukiniuliza mimi, hilo ndilo wazo bora kuliko yote katika kipindi. Wangeweza kuunda chombo cha bati na mabawa, na leo kingekuwa kichekesho. Walichukua kitu ambacho Mlondoni alikipita kila siku akienda kazini bila kukitazama.

Sasa nifike kwenye sauti, na mtanivumilia, kwa sababu ndipo nilipo mimi.

Kabla ya neno lolote kusemwa kipindi kinafunguka na muziki, na picha za mawimbi meupe yanayopanda kwenye giza. Picha zile zilitengenezwa na Bernard Lodge kwa mbinu nyepesi: unachukua kamera ya televisheni, unaielekeza kwenye kioo cha televisheni inayoonyesha kile kile kamera inachokiona. Mmekaa kwa kinyozi mwenye kioo mbele na kioo nyuma, mkaona vichwa vyenu vinarudiana hadi lisikofika jicho? Ni hicho. Mmekuwa harusini, mshereheshaji akasogeza maiki mbele ya spika, ikapiga yowe? Ni hicho pia, ila hapa yowe ni la mwanga.

Muziki uliandikwa na Ron Grainer, Mwaustralia mwingine. Aliandika kwenye karatasi moja tu, mdundo wa chini na wimbo wa juu, na mahali pengine badala ya ala akaandika maneno kama mawingu na upepo. Akaikabidhi karatasi Radiophonic Workshop, karakana ya sauti ya BBC iliyoanzishwa mwaka 1958 kule Maida Vale. Karatasi ikaangukia mezani kwa Delia Derbyshire.

Delia alizaliwa Coventry mwaka 1937. Akiwa mtoto mdogo Wajerumani waliupiga mji wake mabomu, na baadaye alisema kwamba ving'ora vya hatari ndivyo vilivyomfungua masikio kwa sauti zisizo za ala. Akasoma Cambridge, hisabati na muziki. Alipoomba kazi kwenye kampuni ya kurekodi muziki, aliambiwa hawaajiri wanawake studio.

Mwaka 1963 hakukuwa na sinthesaiza pale. Hakukuwa na kinanda cha umeme ambacho ukibonyeza kinatoa sauti ya anga. Alikuwa na osileta, zile mashine ambazo mafundi wa redio walizitumia kupimia mitambo, zinatoa mlio mmoja mtupu na unauzungusha kwa kitufe kupanda au kushuka. Alikuwa na mshindo wa redio isiyokamata stesheni. Alikuwa na waya mmoja uliokazwa, wa kudonoa kwa kidole. Na alikuwa na tepu, wembe na msaidizi wake Dick Mills.

Mimi nimekata tepu kwa wembe, kwa hiyo naomba niwaonyeshe kwa mikono. Unaisikiliza sauti, unazungusha rili kwa vidole taratibu, inanguna "uuu-wo-uuu", mpaka unapata pale inapoanza. Unaweka alama kwa kalamu ya nta. Unailaza tepu kwenye kibao chenye mfereji, unakata kwa mshazari, kwa sababu ukikata wima itapiga "tik" kwenye maungio. Tepu inayokimbia sentimeta 38 kwa sekunde, noti ya nusu sekunde ni kipande cha sentimeta 19. Kama mkono wangu, kutoka kifundo hadi ncha ya kidole. Sasa, ule mdundo wa chini mnaoujua, "dum-da-da-dum", kila pigo lile ni kipande chake. Alidonoa waya mara moja, akanakili kwa kasi tofauti ili kupata noti za juu na za chini, akakata kila noti kwa urefu wake, akaziunganisha moja baada ya nyingine kwa gundi. Kisha wimbo wa juu, vivyo hivyo. Kisha mawingu. Tepu tatu, mashine tatu, hakuna mtambo wa kuziunganisha. Watu wanahesabu moja, mbili, tatu, wanabonyeza pamoja, na kuomba Mungu zikimbie sawa.

Wakasikia kuna noti moja haiko mahali pake. Wapi, kati ya mamia ya maungio? Dick Mills amesimulia: walizitoa tepu zote tatu, wakazitandaza sakafuni kwenye korido ndefu ya Maida Vale, sambamba, kama kina mama wanavyotandaza kanga wakichagua mapindo, wakatembea wakiinama kulinganisha maungio kwa macho, mpaka wakafika mahali ambapo moja halikulingana na wenzake. Hilo hapo. Wakalikata.

Mnaponiambia programu yenu imegoma, mimi huiona ile korido.

Ron Grainer aliporudi na kusikia, aliuliza kama kweli ni yeye aliyeuandika. Delia akamjibu: sehemu kubwa, ndiyo.

Chumba hichohicho cha kazi kilitoa na ile sauti ya chombo kinapoondoka, ile pumzi nzito inayokwaruza. Huyo ni Brian Hodgson. Alichukua piano iliyovunjika, fremu na waya zake, akachukua ufunguo wa mlango wa nyumba ya mama yake, akaukwaruza kwenye waya nene za chini. Akarekodi, akapunguza kasi, akageuza tepu nyuma mbele, akaongeza mwangwi. Nimekuja na waya wa gitaa nzito na ufunguo wa kufuli la geti langu. Binti wa safu ya pili, njoo mwanangu, chukua ufunguo. Usikwaruze haraka. Bonyeza, halafu vuta kama unachana nywele za mtoto. Tulieni kidogo, zimeni na feni.

Hapo. Mmesikia? Mbichi ni chuma tu. Lakini chini yake kuna kitu kinachovuta pumzi, na kazi ya fundi ni kukisikia hicho kabla hakijatoka.

Turudi kwenye kipindi. Kilipangwa kurushwa saa 11 na robo jioni, saa za London kwa hesabu yetu ya Kiswahili, tarehe 23 Novemba. Siku moja kabla, kule Dallas, Rais Kennedy wa Marekani akapigwa risasi, akafa. Dunia nzima ilikuwa msibani. Kipindi kilianza kama sekunde 80 baada ya muda wake, na baadhi ya maeneo ya Uingereza umeme ulikuwa umekatika. Mtu asiye na bahati angeishia hapo. Wiki iliyofuata, tarehe 30 Novemba, BBC ilikubali kukirudia chote kabla ya kipindi cha pili, na watazamaji wakaongezeka, kutoka kama milioni 4.4 hadi kama milioni 6. Kwa hiyo kilirekodiwa mara mbili na kikarushwa mara mbili ndani ya siku nane. Desemba wakaja Dalek, wale viumbe wa chuma, na baada ya hapo hakukuwa tena na swali la kukifuta.

Kufuta kulikuja kwa njia nyingine, na hili linaniuma. Tepu za video zilikuwa ghali, kwa hiyo zilifutwa na kurekodiwa juu yake. Vipindi vingi vya Doctor Who vya miaka ya 1960 vilifutwa hivyo. Hiki tunacho kwa sababu kilinakiliwa kwenye filamu ya milimita 16 kwa ajili ya kuuzwa nje. Nakala za namna hiyo zilisafiri kwa makopo duniani, Afrika ikiwemo. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vilivyodhaniwa kupotea kabisa vimepatikana Nigeria, kwenye kituo cha televisheni mjini Jos, vimekaa kwenye rafu na vumbi lake. Waliokuwa navyo walifuta, na mtunza stoo wa Jos, ambaye hakuna aliyemwomba, hakutupa. Ninyi mnaofanya kazi kwenye vituo vyenye stoo zilizofungwa, nendeni mkafungue. Huko kuna sauti za wazee wetu, za taarab, za michezo ya redio, za hotuba, na joto na unyevu wa pwani haviisubiri bajeti.

Limebaki jambo moja. Mwishoni mwa kipindi, majina yanapopita, mtaona Ron Grainer. Mtaona na Radiophonic Workshop. Hamtamwona Delia Derbyshire. Utaratibu wa BBC ulikuwa kwamba watu wa karakana ile hawatajwi kwa majina; ni watumishi. Grainer mwenyewe alitaka agawane naye haki ya utunzi. Haikukubaliwa. Wakati huo muziki ule ulikuwa unaimbwa na kila mtoto wa Uingereza, na aliyeukata noti kwa noti alikuwa anapokea mshahara wake wa mwezi. Alifariki mwaka 2001. Jina lake lilipita kwenye kioo, kwa muziki ule, kwa mara ya kwanza tarehe 23 Novemba 2013, kwenye kipindi cha kuadhimisha miaka 50.

Nililiona nikiwa nyumbani, na wanangu. Lilipita haraka, kama majina yote yanavyopita. Nikawaomba warudishe nyuma, wakarudisha. Nikaomba tena.

Haya, nimesema vya kutosha na projekta imeshapata moto. Wanangu, zimeni taa za mbele tafadhali, za nyuma ziacheni kwa ajili ya wenye kuandika. Tutaanza na ile ya tarehe 27 Septemba. Itazameni milango.